Nyumba inayolalika msimu wa Kaskazi: mwongozo kamili kwa wajenzi na wakaazi wa Unguja na Pemba

Pita Fuoni, Tomondo au Kisauni saa tatu usiku mwezi wa Februari, utakuta familia nzima iko barazani. Wachache wamefuata mazungumzo. Wengi wamekimbia joto. Jua limeshazama, nje kumeanza kupoa, lakini chumbani bado hakukaliki. Kuta za matofali ya saruji na zege la juu vilikusanya joto mchana kutwa, sasa vinaliachia ndani, na madirisha ya kuteleza hayaingizi upepo wa kutosha kulitoa. Baada ya misimu miwili mitatu ya tabu hiyo, mwenye nyumba hununua kiyoyozi, kisha cha pili, na kuanzia hapo kila mwezi ni mbio za kununua tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla.

Mwongozo huu unasema kinyume chake: kiyoyozi kiwe kitu cha mwisho kununuliwa, tena kiwe cha chumba kimoja. Kabla yake kuna mambo mawili yanayoamua karibu kila kitu katika nyumba ya visiwani. La kwanza ni paa linazuia jua kiasi gani. La pili ni upepo unapita ndani kiasi gani. Mengine nitayataja, lakini mwenye fedha kidogo aanze na hayo mawili.

Haraka ipo. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Viwanja vinajaa, na nyumba inayomwagwa msingi mwaka huu itakuwa bado inakaliwa miaka 40 ijayo. Dunia ya 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto la wastani la digrii 1.1 zaidi ya ile ya 1850 hadi 1900, na linaendelea kupanda. Huku kwetu linaloumiza zaidi ni joto la usiku, kwa kuwa usiku ndio muda mwili unaotakiwa kupumzika, na unyevu wa pwani hauachi jasho likauke.

Hatua ya kwanza: lijue jua na upepo wa kiwanja chako

Tuko kusini mwa ikweta, mjini Unguja kama digrii 6, Chake Chake digrii 5 na kidogo. Kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia wiki ya kwanza ya Machi mpaka karibu wiki ya pili ya Oktoba linapita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki, pamoja na sehemu kubwa ya joto la Kaskazi, linapita upande wa kusini. Lakini iwe upande huu au ule, adhuhuri huwa juu sana. Hata mwezi wa Juni, linapokwenda mbali kabisa, bado liko nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Disemba liko nyuzi 73 hivi.

Kutokana na hesabu hizo ndogo unapata kanuni ya upenu. Upenu wa mita moja upande wa kusini, adhuhuri ya Disemba, unatia kivuli ukuta mita 3 kwenda chini, yaani ukuta mzima. Upenu huohuo upande wa kaskazini, adhuhuri ya Juni, unatia kivuli mita 1.8 hivi, huo ni wakati wa kipupwe, hakuna anayelalamika. Sasa geukia ukuta wa magharibi. Mwezi wa Machi, kuelekea saa kumi na nusu jioni, upenu wa mita moja hukupa kivuli cha sentimita 60 tu. Kwa ukuta wa mashariki asubuhi hali ni hiyohiyo. Ukirefusha upenu mpaka mita mbili bado hutashinda, maana jua limeshainama na linaingia chini yake. Ukuta wa magharibi unatibiwa kwa mambo mengine, si kwa upenu.

Upepo nao una majira yake, na wavuvi wanayajua kuliko mafundi wengi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Disemba mpaka Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba na zaidi. Baina yao kuna tangambili, siku ambazo upepo hauna mwelekeo na hewa imesimama. Hizo ndizo siku za feni. Paje, Bwejuu na Jambiani wanaupata Kusi moja kwa moja kutoka baharini. Mjini na Bububu unafika umeshapita juu ya kisiwa, na mchana huwapo pia upepo wa bahari unaotoka magharibi. Pemba ni ya vilima na mabonde, na nyumba mbili zilizo karibu, moja mgongoni na moja bondeni, hazipati upepo sawa.

Kwa sababu hiyo usitegemee maelezo ya jumla peke yake. Simika kiwanjani fito mbili zenye urefu wa kimo cha dirisha, funga kitambaa chepesi kwenye kila moja, na upite kutazama asubuhi, adhuhuri na usiku. Fanya hivyo wakati wa Kusi na, kama ujenzi unaweza kungoja, wakati wa Kaskazi. Muulize jirani wa siku nyingi dirisha gani hulifunga kwa sababu ya mvua ya Masika; jibu lake linakwambia mvua inapiga upande gani.

Hatua ya pili: ielekeze nyumba kabla ya kumlipa mchoraji

Hapa visiwani tuna bahati moja kubwa: jua na upepo vinakubaliana. Nyumba ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, yenye kuta fupi upande wa macheo na machweo na kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, inalikwepa jua baya na inapokea pepo zote mbili kwa mshazari. Upepo ukija mshazari bado unaingia vizuri. Hauhitaji kugonga dirisha uso kwa uso. Nyumba ikiwa imepinda digrii 15 au 20 kufuata njia au mpaka wa kiwanja, si neno.

Gharama ya uamuzi huu ni sifuri ukiufanya kwenye karatasi. Ukisubiri mpaka msingi umwagwe, haununuliki kwa fedha yoyote. Tatizo ni kwamba viwanja vingi vina uso mwembamba na kila mtu anataka mlango mkubwa utazame barabara. Kama barabara iko magharibi, weka baraza pana huko mbele, mlango ubaki hapo, na vyumba vya kulala virudi ndani vitazame kusini na kaskazini.

Jiko, vyoo, stoo na ngazi viweke upande wa magharibi au kaskazini magharibi. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki na Kusi inatoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo moshi wa jiko na harufu ya choo vitatoka nje badala ya kupita ukumbini, na vyumba hivyo visivyolaliwa vitapokea jua la jioni kwa niaba ya vile vinavyolaliwa. Aliye na kiwanja cha ufukweni magharibi, kama Chukwani, apime kwanza upepo wake wa mchana kabla ya kufuata kanuni hii.

Chumba kisiwe kinene. Nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa na vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuruhusu upana wa zaidi ya mita 3 hivi, na kwa kupitia hapo zikapata hewa. Zege limetupa uhuru wa kujenga vyumba viwili mgongo kwa mgongo na korido ya giza katikati, ambapo kila chumba kina dirisha upande mmoja tu. Ramani ya namna hiyo ndiyo ninayoilaumu kuliko bati lolote. Ukishindwa kuikwepa, acha uwa katikati au nyuma, hata wa mita 3 kwa 3, ili vyumba vya ndani vipate pa kutolea hewa.

Hatua ya tatu: paa

Kwa kuwa jua letu liko utosini, paa hupokea joto kuliko kuta zote. Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu, lifanye huku juu.

Tuanze na bati. Bati jipya linalong'aa linarudisha mwanga mwingi, na watu huamini kwamba limetosha. Chuma kinachong'aa kina ila moja: joto linaloingia halikitoki upesi, ndiyo maana hata bati linalometa huunguza mkono. Rangi nyeupe inafanya kazi zote mbili, inarudisha mwanga na inaachia joto. Bati jekundu la kukoza au la kijani, ambalo limekuwa fasheni, na lile lililokwisha shika kutu, linaweza kupita digrii 60 adhuhuri. Ukinunua mabati ya rangi, chagua nyeupe au krimu. Kama yako tayari juu, yaoshe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi), sugua kutu, yaache yakauke, paka rangi ya msingi inayoshika kwenye mabati, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya nje. Fanya kazi hiyo asubuhi na mapema, msimu wa kiangazi. Usipake chokaa kwenye bati. Chokaa kibichi kinaila zinki. Chokaa ni cha zege.

Chini ya bati panatakiwa mambo matatu: karatasi ya alumini, nafasi ya hewa, na dari. Karatasi ya alumini hutandikwa juu ya kenchi kabla ya kupiga mabati, upande unaong'aa ukitazama chini, na chini yake kuwe na uwazi usiopungua sentimita 2.5. Ukiugeuza utazame juu, vumbi litaufunika na kazi yake itapungua mwaka hadi mwaka. Uwazi ni sharti: karatasi iliyobanwa baina ya bati na mbao haina faida.

Nafasi ya hewa ndiyo inayosahauliwa sana. Dari iliyofungwa pande zote inafanya darini kuwa tanuri, na ikifika alasiri dari yenyewe inakuwa ya moto ukiigusa. Acha matundu chini ya upenu kuzunguka nyumba, na matundu makubwa zaidi juu kwenye kuta za pembetatu za pande mbili za paa, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Yote yawekewe wavu wa chuma usioshika kutu, kuzuia popo na panya. Paa la pande nne halina kuta hizo za pembetatu. Mwambie fundi akupandishie kipaa kidogo cha juu chenye uwazi pembeni, au achana na pande nne. Mimi ningeachana nazo.

Dari iwe mita 3 kutoka sakafuni au zaidi, ili feni lipate nafasi na hewa ya moto ikae juu ya vichwa. Jipsamu inapendeza, lakini paa likivuja mara moja inapinda na kuota ukungu. Mbao au bodi za saruji zinastahimili pwani zaidi.

Makuti bado ni paa la baridi kuliko yote ya kawaida hapa. Yanataka mteremko mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yasikae, na yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Hofu yake ni moto. Ukiyatumia, jiko liwe mbali na nje ya nyumba, na nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba. Kwa banda la mapumziko na baraza yanafaa sana. Katika mitaa iliyobanana kama ya Ng'ambo siwezi kuyashauri.

Zege ni kesi ngumu. Wengi wanamwaga zege juu kwa nia ya kuongeza ghorofa siku moja, nondo zinabaki zimechomoza miaka 10, na waliolala chini wanaokwa. Zege hunywa joto mchana na kulitoa usiku, saa zile unazotaka kulala. Dawa ya bei nafuu ni kulipaka chokaa cheupe kila mwaka baada ya Masika. Dawa ya kweli ni kulitilia kivuli: simika nguzo, ezeka bati jepesi juu yake, acha uwazi wa sentimita 60 au kimo cha mtu kabisa, na usizibe pembeni. Upepo utapita kati, na juu utapata pa kuanikia nguo na kukaa jioni.

Hatua ya nne: upepo wa ndani

Kwa joto lenye unyevu kama letu, mwili hupoa kwa hewa inayotembea. Upepo mdogo tu, wa kupeperusha karatasi mezani, hufanya chumba chenye digrii 30 kihisike kama kina digrii 2 au 3 pungufu. Vile vipoza hewa vya maji vinavyouzwa madukani havifai hapa, maana vinaongeza unyevu kwenye hewa iliyokwisha shiba.

Kila chumba kiwe na pa kuingilia upepo na pa kutokea. Dirisha moja, hata kubwa, halitoshi. Kama chumba kina ukuta mmoja wa nje, pa kutokea pawe juu ya mlango: acha uwazi wa sentimita 40 hivi na uuwekee mbao zilizochongwa matundu, na kibao cha kufunga kwa ndani siku utakayotaka. Tundu la kutokea liwe sawa na la kuingilia au kubwa zaidi.

Dirisha la kuteleza la aluminiamu lenye upana wa mita moja na nusu hukupa sentimita 75 tu, kwa sababu kioo kimoja siku zote kiko mbele ya mwenzake. Fedha umelipia dirisha zima, upepo unapata nusu. Dirisha la bawaba linafunguka lote. Bora zaidi kwa vyumba vya kulala ni shata za mbao zenye vibao vya mlazo, kama zile za nyumba za Mji Mkongwe: zikifungwa bado zinapitisha hewa, mvua haiingii, na aliye nje haoni ndani.

Hili la stara nalitilia mkazo, kwani ramani nyingi hulipuuza. Dirisha la kioo kinachoonyesha likitazama uchochoro litafungwa na kuwekewa pazia zito siku ya kwanza, na hapo hesabu zote za upepo zimekwisha. Mchoraji lazima atoe hewa kwa dirisha lililofungwa. Shata, matofali ya matundu, na madirisha mawili katika ukuta mmoja, moja chini na moja juu, vyote vinalitatua. Kwenye chumba cha kulala, kizingiti cha chini cha dirisha kiwe sentimita 60 hivi kutoka sakafuni, ili upepo upite juu ya kitanda na si juu ya kabati. Ghorofani weka grili, kuna watoto.

Wavu wa mbu unapunguza upepo sana, hasa ukijaa vumbi. Usiuondoe. Badala yake ongeza ukubwa wa uwazi, au uhamishe wavu kutoka dirishani uzunguke baraza zima, na uuoshe kila mwezi.

Kisha kuna ukuta wa uzio. Watu hujenga nyumba nzuri na kuizungushia ukuta wa mita mbili na nusu uliozibwa kote, mita moja na nusu kutoka dirishani. Upepo unaruka juu ya uzio, unapita juu ya bati na kwenda zake. Jenga kozi za chini kwa matofali ya kawaida, na kuanzia kimo cha kiuno upande wa kusini na mashariki tumia matofali ya matundu yaliyopangwa mshazari ili jicho lisipenye.

Hatua ya tano: kuta, kivuli na miti

Kwa kuta sina mengi. Tofali la saruji la inchi 6, lipu, na rangi nyeupe au ya mwanga linatosha kwa pande za kaskazini na kusini zenye upenu. Nyumba za mawe zenye kuta za nusu mita hupoa mchana, lakini tofauti ya joto la mchana na usiku pwani ni ndogo, digrii chache tu, kwa hiyo ukuta mnene bila upepo wa usiku unabaki na joto lake. Ukitaka unene, uweke ukumbini. Vyumba vya kulala viwe vyepesi.

Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukiletewa kwa bei ya chini. Chumvi yake inaila nondo, na kuuchota kunakula pwani yenyewe. Karibu na bahari, nondo zifunikwe na zege la sentimita 4 mpaka 5.

Kwa nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, lipu ya saruji tupu ni sumu: inafungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi inatoka, mawe yanaoza na boriti zinaoza vichwani. Rudisha lipu ya chokaa. Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, ulioandikwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, pata kwanza kibali cha mamlaka ya uhifadhi, hata kwa dirisha au mashine ya kiyoyozi ya nje.

Ukuta wa magharibi utilie kivuli kilichosimama: mbao za mlazo, ukuta wa matofali ya matundu uliotengwa nusu mita, au waya wa kutambaza mpasheni. Mti unafanya vizuri zaidi. Mkungu na mwarobaini hukua haraka. Mwembe ni mzuri lakini mpe mita 8 au zaidi kutoka msingini, na mbali na karo. Uani usimimine zege lote. Ardhi yenye majani inapoa jioni, na maji ya Masika yanapata pa kunywea.

Hatua ya sita: umeme

Fanya hesabu hii kabla ya kwenda dukani. Feni la dari la wati 60 likizunguka saa 10 kila usiku linatumia uniti 18 kwa mwezi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula kama kilowati moja mashine inaposukuma. Kikifanya kazi saa 8 kwa usiku na mashine ikisukuma nusu ya muda huo, ni uniti 120. Chumba chenye dari ya moto kitaifanya isukume usiku kucha, na hapo unakaribia 240. Ndiyo maana fedha ya paa hurudi kupitia mita.

Ukiamua kuweka kiyoyozi, kiwe cha inveta (kinachopunguza mwendo wa mashine badala ya kuizima na kuiwasha), chumba kiwe na ukuta mmoja tu wa nje usiotazama magharibi, na uwazi wa juu ya mlango uzibwe kwa kile kibao. Weka digrii 26 na feni lizunguke polepole. Wengi hulala vizuri hivyo, na kila digrii unayoshuka hapo inalipiwa. Mashine ya nje ikae kivulini penye hewa, na ioshwe kwa maji baridi kila baada ya miezi miwili mitatu kwa sababu ya chumvi. Volti zikicheza mtaani kwenu, weka stabilaiza.

Sola inalipa zaidi nyumba ikishapoa. Paneli zitazame kaskazini kwa mteremko wa nyuzi 10 hivi, ambao unatosha mvua kuziosha. Kilowati moja ya paneli hutoa karibu uniti 4 kwa siku ya wastani: mafeni yote, taa, televisheni na friji, lakini si viyoyozi vitatu. Boliti na reli ziwe za aluminiamu au chuma kisichoshika kutu.

Na kuna sababu nyingine ya kutotegemea mashine. Unguja hupata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, yaani Kaskazi nzima, kikakaa tena. Waya mpya mkubwa ulikuja 2013 na hali imebadilika. Hata hivyo, nyumba isiyolalika bila umeme ni nyumba ya mashaka.

Hatua ya saba: paa lisiruke

Tumezoea kusema vimbunga si vya kwetu. Lakini kimbunga cha Aprili 1872 kiliivunja Unguja na kung'oa mikarafuu yake, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Upenu mpana ninaousifu humu ni bawa upepo ukishika kwa chini. Funga kenchi kwenye boriti ya zege kwa mikanda ya chuma, si kwa misumari peke yake. Paa la baraza lijengwe peke yake, lisiungane na paa kubwa, kila moja na kenchi zake, ili la mbele likiondoka lisiondoke na nyumba. Upenu unaozidi mita moja uwekewe nguzo.

Wakati uko juu, weka na mifereji. Paa la mita mraba 100 kwa mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 800 mpaka 900, na visima vya karibu na pwani vinazidi kuingia chumvi.

Kama nyumba imeshajengwa

Pima kabla ya kutumia. Nunua vipimajoto viwili vya dijitali, kimoja kitundike chumbani kimo cha kichwa, kingine nje kivulini. Andika saa tisa alasiri na saa tatu usiku, kwa wiki moja ya Kaskazi. Usiku chumba kikizidi nje kwa digrii 3 au zaidi, joto limehifadhiwa juu au halina pa kutokea. Panda kiti, gusa dari: ikiwa ya moto kuliko ukuta, anza na paa. Zikiwa sawa, anza na upepo.

Mpangilio wa matumizi ninaoushauri ni huu: matundu ya darini kwanza, maana ni kazi ya siku moja ya fundi. Kisha rangi nyeupe juu ya bati au chokaa juu ya zege. Kisha uwazi juu ya milango na kubadilisha dirisha moja la kila chumba cha kulala. Kisha feni la dari kwa kila kitanda, kivuli cha magharibi, matofali ya matundu kwenye uzio. Baada ya hapo ndipo uzungumze na muuza viyoyozi.

Mpangaji wa chumba kimoja hana ruhusa ya kugusa paa, ila anaweza kutundika mkeka au chiki (pazia la vijiti) nje ya dirisha la magharibi badala ya pazia ndani, maana jua likishapita kioo limeshaingia. Apikie uani, avute kitanda mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na amwombe mwenye nyumba wachangie ndoo ya rangi ya bati. Wenye nyumba wengi hukubali wakiambiwa bati litaishi zaidi.

Msimu unaofuata rudia vipimo vilevile, saa zilezile. Namba zikiwa hazijashuka, usiongeze kitu chochote kipya bado: mpandishe fundi darini na tochi atazame kama ndege hawajajenga kwenye matundu.